Bagamoyo kwa Baiskeli: Kuta za Matumbawe, Milango ya Nakshi na Sheria Inayozilinda

Mji wa Bagamoyo, ulioko mkoani Pwani takribani kilometa 70 kaskazini mwa Jiji la Dar es Salaam, ni miongoni mwa miji michache ya mwambao wa Tanzania Bara ambamo hoteli za ufukweni na majengo ya kale vimekaa karibu kiasi cha mtu kuvizungukia vyote kwa baiskeli katika asubuhi moja. Kutoka Magofu ya Kaole upande wa kusini hadi Misheni ya Roho Mtakatifu upande wa kaskazini ni mwendo usiozidi kilometa kumi. Ardhi ni tambarare, na baiskeli ni chombo ambacho wakazi wenyewe hukitumia kila siku kubebea samaki, nazi, kuni na watoto wa shule.

Wageni wengi hufika Bagamoyo kwa gari, wakapiga picha mbele ya ngome, wakala chakula cha mchana na kuondoka. Kwa mwendo huo mji huonekana kama mkusanyiko wa magofu mazuri. Anayepita kwa baiskeli huona zaidi, kwa kuwa husimama pale gari lisipoweza kusimama na huukaribia ukuta kiasi cha kuugusa. Huona kwamba nyumba mbili zilizojengwa kwa mawe yaleyale, zikitazamana katika mtaa mmoja, zimefikia hali tofauti kabisa: moja ina paa, lipu na watu ndani, na nyingine imebaki kuta tatu na mti uliootea sebuleni. Aghalabu tofauti hiyo haikuletwa na umri. Imeletwa na namna kila nyumba ilivyotunzwa, na mara nyingine na mfuko wa saruji uliotumiwa kwa nia njema.

Safari huanzia vyema Kaole, kilometa tano hivi kusini mwa mji, hasa katika miezi ya kusi. Upepo huo, ambao huvuma kuanzia Aprili hadi karibu na Oktoba, humsukuma mwendesha baiskeli kutoka nyuma anapoelekea mjini. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ni heri kuigeuza njia na kuanzia Misheni. Katika mvua za masika sehemu za njia zisizo na lami hushika maji, na matairi membamba hayafai.

Kaole ni mahali pa kujifunza alifu ya ujenzi wa pwani. Hapa pana mabaki ya misikiti miwili, wa kwanza ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi ya mawe ambayo baadhi yake yana nguzo ndefu. Nguzo hizo ni alama ya miji ya Waswahili kuanzia Kilwa hadi Lamu. Katika baadhi ya makaburi ya aina hiyo mafundi walipachika mabakuli ya kauri kutoka China, ushahidi wa biashara iliyokuwa ikivuka Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Bahari yenyewe haionekani tena kutoka msikitini. Mikoko imeota kati ya magofu na maji, na mji uliokuwa bandari umejikuta bara. Bagamoyo ya leo ilistawi baadaye, kaskazini yake, penye ufuko uliokuwa wazi kwa majahazi.

Kuta za Kaole zimevuliwa lipu, na kwa sababu hiyo zinaonyesha wazi jinsi zilivyojengwa. Mawe ni matumbawe. Yale yaliyochimbwa nchi kavu ni magumu na hayana umbo maalumu, nayo ndiyo yaliyojaza unene wa ukuta. Yale yaliyotolewa baharini ni laini yangali mabichi, hukatwa kwa urahisi na kushika nakshi, kisha hukauka na kuwa magumu. Hayo yaliwekwa penye mihrabu, miimo ya milango na kingo. Vyote viliungwa kwa chokaa, iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni, kuizima kwa maji na kuiacha ikae muda mrefu ili iive kabla ya kuchanganywa na mchanga.

Juu ya kuta hizo zililazwa boriti za mikoko. Boriti haina urefu wa kupita kiasi, na nafasi inayoweza kuibeba bila kupinda ni ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale, kuanzia Kaole hadi Zanzibar na Mombasa, ni virefu na vyembamba. Tajiri alijenga vyumba vingi zaidi au akaongeza ghorofa, lakini hakuweza kupanua chumba kupita kipimo cha mti. Mgeni anayeulizia upana wa vyumba hivyo huambiwa mara nyingi kuwa ni desturi. Desturi imo, ila mkoko ndio uliotangulia.

Kutoka Kaole barabara hupita kwenye minazi na makazi, kisha huufikia mji upande ilipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Baada ya hapo, karibu na ufuko, pana makaburi ya Wajerumani na mnara mdogo wa kumbukumbu unaoonyesha mahali Waafrika waliopinga utawala wao waliponyongwa katika vita vya 1888 na 1889. Wapo wanaosimulia kwamba Bushiri bin Salim, kiongozi wa vita hivyo, aliuawa hapo. Sivyo: Bushiri alinyongewa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Waliokufa Bagamoyo ni wengine, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote katika mnara huo, ilhali hatua chache kutoka hapo kila kaburi la askari wa Kijerumani limepangwa na kuzungushiwa uzio.

Ngome Kongwe ndiyo jengo la mawe linalotajwa kuwa la kale kuliko yote yaliyosalia mjini. Ilijengwa mwaka 1860 kama makazi ya mfanyabiashara Mwarabu, ikapanuliwa wakati wa Sultani Barghash wa Zanzibar, kisha Wajerumani wakaifanya kambi ya jeshi na Waingereza wakaifanya gereza. Mwaka huo wa 1860 una uzito wa kisheria ambao wengi hawaujui. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 1979, inahesabu kuwa kumbukumbu ya kale jengo lolote lililojengwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Ngome imo ndani ya mpaka huo kwa miaka mitatu tu. Jengo la aina hiyo linalindwa na sheria kwa umri wake pekee, bila kusubiri tangazo, wala haliwezi kubomolewa au kubadilishwa bila kibali cha mamlaka husika.

Majengo mengi yanayomfanya mtu asimamishe baiskeli Bagamoyo yalijengwa baada ya mwaka huo. Nyumba ya Liku, iliyotumiwa na Wajerumani kama makao yao ya kwanza, ni ya miaka ya 1880. Forodha ni ya 1895, shule ya Sewa Haji ni ya 1896 na Boma ni la 1897. Kwa majengo ya namna hii ulinzi hutokana na mamlaka ya Waziri mwenye dhamana kutangaza jengo au eneo kuwa la hifadhi, na Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni eneo la hifadhi chini ya utaratibu huo. Maana yake kwa mwenye nyumba ni kwamba ukarabati wowote, hata wa ukuta mmoja, unapaswa kutanguliwa na ushauri na kibali cha Idara ya Mambo ya Kale. Sharti hilo huonekana kuwa usumbufu kwa mtu anayevujiwa na paa, na kwa kweli huwa usumbufu pale majibu yanapochelewa. Lakini sababu yake inaonekana kwa macho mita chache mbele, katika Mtaa wa India.

Mtaa huu, unaokwenda sambamba na ufuko, ulikuwa uti wa mgongo wa biashara. Wafanyabiashara wenye asili ya India waliweka maduka chini na makazi juu, pembe za ndovu na sandarusi zikishuka kutoka bara, nguo, shanga na nyaya za shaba zikipanda. Mbele ya kila nyumba kuna baraza ya mawe, na hapa ndipo baiskeli inapofaa kuliko chombo kingine: inaegemezwa, mwenyewe anaketi, na aliyeketi hapo kabla yake humjibu salamu. Katika mitaa hii mgeni asiyesalimia huonekana amekosa adabu, hata awe na kamera ya thamani gani.

Kwenye kuta za mtaa huu sehemu zilizopigwa lipu ya saruji hutambulika upesi. Saruji ni ngumu, ya kijivu, na hupasuka kwa vipande vikubwa vinavyobanduka kama ganda. Sababu ni kwamba ukuta wa matumbawe hufyonza unyevu kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua, na chokaa huuachia unyevu huo utoke polepole. Saruji huuziba. Maji hubaki ndani yakiwa na chumvi, kwa kuwa mji uko baharini na mawe yenyewe yalikuwa bahari, na chumvi inapokauka nyuma ya lipu hufanya chembe zinazosukuma na kusaga jiwe. Kwa miaka michache ya mwanzo ukuta huonekana mpya. Baadaye lipu huanguka ikiwa imeshikana na uso wa jiwe, na fundi huitwa tena kuongeza saruji. Ukuta uliopigwa chokaa huhitaji kurudiwa mara kwa mara, na hilo ndilo lalamiko la kawaida dhidi yake. Lakini chokaa ndiyo inayokubali kuharibika ili jiwe lisiharibike.

Adui wa pili ni paa. Nyumba nyingi ziliezekwa bati badala ya paa la awali, na bati likishika kutu au likiibiwa, mvua huingia kwa juu ya ukuta. Ndani ya ukuta mnene kuna kifusi cha mawe madogo na udongo au chokaa, ambacho hulainika na kutitia. Ncha za boriti huoza pale zinapoingia ukutani. Ndege huleta mbegu za mimea jamii ya mkuyu, mizizi ikashuka kwenye nyufa, na katika misimu michache ya masika kilichokuwa ghorofa huwa kifusi. Nyumba nyingi za aina hii ni za urithi, warithi wakiwa kumi au ishirini, wengine wakiishi Dar es Salaam, Zanzibar au ng'ambo. Hakuna anayekataa kuitengeneza, wala hakuna anayeanza.

Mlango ndio huondoka kwanza. Milango ya Bagamoyo ni ya mbao ngumu, yenye mbawa mbili zinazokutana kwenye mfaa, miimo yenye nakshi za minyororo, samaki na maua, na kizingiti cha juu kilichochongwa. Iliyotengenezwa kwa mtindo wa Kihindi hugawanyika katika vipande vidogo vya mraba, na mingine ina vichwa vya misumari ya shaba. Kwa kuwa mlango unaweza kung'olewa na kubebwa, wanunuzi wa vitu vya kale huufuata hata nyumba ikiwa bado inakaliwa. Wananchi wanapaswa kufahamu kuwa Sheria ya Mambo ya Kale inautaja mlango kwa jina: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa barani Afrika kwa mtindo wa mashariki kabla ya mwaka 1940 ni kitu kinacholindwa, na haiwezekani kuupeleka nje ya nchi bila leseni. Mpaka wa 1863 hauhusiki hapa. Nyumba inaweza kuwa ya juzi kwa hesabu ya sheria, na mlango wake ukawa chini ya ulinzi.

Boma la Wajerumani, jengo la ghorofa lenye matao na ukingo wa juu uliochongwa kama meno ya ngome, linasimulia habari hiyo ya maji kwa kiwango kikubwa. Lilikamilika mwaka 1897, wakati ambapo Bagamoyo haikuwa tena makao makuu ya koloni. Makao hayo yalikuwa yamehamishiwa Dar es Salaam mwaka 1891, kwa kuwa ufuko wa Bagamoyo ni wa maji mafupi na meli za mvuke hazikuweza kuukaribia. Jengo liliendelea kutumika kwa shughuli za utawala wa wilaya kwa miongo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kufuatia mvua kubwa za El Niño, sehemu yake iliporomoka. Ilihitaji siku chache za mvua kulishusha, na miaka mingi kuanza kulirudisha.

Kuhama kwa makao makuu, na baadaye reli ya kati kuanzia Dar es Salaam badala ya Bagamoyo, kuliunyima mji fedha. Huko ndiko kulikouhifadhi. Hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kubomoa nyumba ya kale ili ajenge mpya mahali pake. Hali hiyo imebadilika kwa kuwa viwanja vya ufukweni sasa vina thamani, na nyumba isiyo na paa katika Mtaa wa India hutazamwa na baadhi ya watu kama kiwanja kilichochelewa kusafishwa.

Shule iliyojengwa na Sewa Haji Paroo inastahili kusimamiwa kidogo. Sewa Haji, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyekuwa akiandaa wapagazi na bidhaa za misafara, aliitoa kwa sharti kwamba ipokee watoto wa rangi na dini zote, sharti lisilokuwa la kawaida chini ya utawala wa kikoloni. Alifariki mwaka 1897, na jina lake lipo pia katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, kutokana na hospitali aliyoichangia. Jengo la shule limeendelea kuwa na watoto, na hilo limelisaidia kuliko kibao chochote: penye watu, paa linalovuja hutambuliwa siku hiyohiyo.

Kwa anayependa historia ya misafara, upande wa bara wa mji kuna mahali palipokuwa kituo cha misafara, ambapo wapagazi waliotembea kutoka Tabora na Ujiji walikuwa wakitua mizigo. Njia hiyo, ndefu zaidi ya kilometa 1,000, iliwekwa mwaka 2006 katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia, kama njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina la mji huu hufasiriwa kwa namna mbili, zote zikitokana na kubwaga moyo: mpagazi aliyepumzika baada ya safari, na mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari. Wanahistoria hawajakubaliana, na si lazima wakubaliane, kwa kuwa watu wote wawili walipita njia hiyohiyo.

Kituo cha mwisho ni Misheni ya Roho Mtakatifu, inayofikiwa kwa njia yenye miembe mikubwa pande zote mbili. Mapadri walifika hapa mwaka 1868 na kuanzisha makazi ya watumwa waliokombolewa. Nyumba ya mapadri, yenye baraza pana za matao, ilianza kujengwa miaka michache baadaye; makumbusho ya Misheni yamo katika iliyokuwa nyumba ya masista. Mnara wa kanisa la kwanza ndiko mwili wa David Livingstone ulikopumzishwa mwezi Februari 1874. Alikuwa amefariki mwezi Mei 1873 katika nchi inayoitwa leo Zambia, na mwili wake ukabebwa kwa miguu na kundi la Waafrika wakiongozwa na Chuma na Susi, safari iliyochukua karibu miezi tisa. Mnara unaitwa kwa jina la Livingstone. Waliombeba wanastahili kutajwa kila unapotajwa.

Jirani pana mbuyu uliopandwa na wamisionari, na kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye shina lake. Inasimuliwa kuwa Mfaransa mmoja, Bibi Chevalier, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Mti ulikua, ukaumeza mnyororo, na kilichobaki nje ni sentimeta chache tu. Wageni wameombwa wasiuvute.

Anayerejea Kaole mchana wa kusi atakabiliwa na upepo usoni na jua kichwani, hivyo ni vyema abebe maji, apumzike Misheni hadi alasiri, na awe na taa ya mbele na ya nyuma endapo magharibi itamkuta njiani. Baiskeli huendeshwa upande wa kushoto, kama vyombo vingine, na bodaboda huingia Mtaa wa India kutoka vichochoroni bila kupiga honi. Ndani ya Kaole, Ngome Kongwe na Misheni, baiskeli haipaswi kuegemezwa kwenye kuta wala makaburi. Iegemezwe kwenye mti au ilazwe chini. Mmiliki wa nyumba ndani ya Mji Mkongwe anayekusudia kuikarabati, au mtu yeyote aliyeona mlango wa nakshi ukipakiwa kwenye gari, anaweza kuwasiliana na ofisi ya Mambo ya Kale iliyoko Bagamoyo au na ofisi ya serikali ya mtaa wake.